Wiki Niliyokuwa Mdomo wa Mzee Dani

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya majivuno, na afadhali niseme mapema kabla msomaji hajaanza kunifikiria vizuri. Ilikuwa likizo, katika miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili chuoni Kampala, nimerudi kwa mama yangu Mhunze, na kazi niliyopewa ilikuwa kufukuza ndege kwenye mtama. Ndipo ikaja habari kwamba kanisa moja la Marekani, ambalo sitalitaja, linatafuta kijana wa Kisukuma anayejua Kiingereza, amfuate mmishonari hadi kwenye machimbo ya dhahabu kule Geita. Niliikimbilia kazi ile mbio. Nilikuwa nimechoka kuwa msomi ambaye wasikilizaji wake ni kwelea.

Jumatatu asubuhi nilimkuta stesheni ya Shinyanga, amekaa juu ya sanduku lake, shati jeupe, tai nyeusi, shingo imeungua na jua ikawa nyekundu. Alikuwa na miaka ishirini.

"Mimi ni Mzee Dani," akasema kwa Kiswahili alichokikariri.

Katika kanisa lao kila kijana anayetumwa kuhubiri hupewa cheo cha mzee. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na wiki nzima nilimwita Mzee bila kutabasamu, maana nilidhani ndio ustaarabu. Mchukuzi wa stesheni, mwenye mvi hadi kwenye nyusi, alituangalia akaniuliza taratibu, "Na huyo mzee wenu mwenyewe atakuja na gari moshi lipi?"

Tukiwa tunasubiri lori, Dani alinieleza sababu ya safari. Kule Geita kulikuwa na fundi wa mgodini aitwaye Baba Kulwa. Miaka mitatu nyuma aliokota kijitabu cha Kiswahili cha kanisa hilo, akakisoma, akakiamini, akakusanya watu, wakajenga jengo la ibada. Tangu hapo alikuwa akiandika barua za Kiswahili kwenda Marekani akiomba mambo mawili tu: watu wake wabatizwe, na yeye awekewe mikono ili awaongoze kihalali. Sasa makao makuu wamemtuma Dani.

"Basi Jumapili ni ubatizo," nikasema.

"Jumapili tutazungumza nao," akajibu, akakaza mikanda ya mkoba wake.

Jumanne tulifika Nyahanga, tumefunikwa vumbi hadi kwenye kope. Tulipokewa na mwenye duka, Bwana Karimu, Mhindi Mwislamu aliyezaliwa palepale na aliyesema Kisukuma vizuri kuliko mimi. Akatutengea chai ya maziwa yenye tangawizi. Dani akainua mkono: kanisa lake linakataza chai.

Bwana Karimu alinigeukia. "Anaumwa?"

"Hapana. Ni dhambi."

"Chai?" Akaita kuelekea uani. "Mama Salima! Njoo uone, miaka thelathini umekuwa ukinipikia dhambi!" Kisha akamletea Dani maji, akakaa karibu naye, akasema kwa upole, "Kijana, kule machimboni watu hawana kitu cha kumpa mgeni ila chai. Ukiikataa, angalau wape kitu kingine."

Nilimtafsiria Dani. Aliinamisha kichwa, akasema atajitahidi.

Jumatano na Alhamisi tulikuwa barabarani kupitia Masumbwe. Lori la pamba lilikwama mara nne kwenye matope. Lazima niseme ukweli, ingawa unanikera: Dani alikuwa kijana mwema. Alivua viatu, akasukuma, akaanguka kifudifudi, akainuka akicheka na tai yake inachuruzika matope. Mimi niliyesoma nilisimama pembeni nikitoa maelekezo. Turnboi wa lori aliniambia, "Wewe mwalimu, hebu sukuma na Kiingereza chako kidogo." Angekuwa Mzungu mkali mwenye fimbo, ningejua la kufanya na hasira yangu. Lakini dhuluma niliyokuja kuijua baadaye ililetwa na mtu aliyenigawia nusu ya mkate wake.

Alhamisi jioni tuliingia Geita. Walikuwa wametoka kutupokea nusu saa ya mwendo, wapata sitini, wanawake mbele wakipiga vigelegele na kutusalimu kwa Kisukuma. "Mwadila! Mwadila!" Wakaniuliza ukoo wangu, wakamuuliza Dani wake, nikawajibia wote wawili. Baba Kulwa alikuwa mtu mfupi, kifua kipana, makovu ya mawe mikononi. Nilimpa shikamoo. Dani naye akampa, kwa sauti kubwa, na watu wakapiga makofi kana kwamba ameimba.

Kazi ya Baba Kulwa mgodini ilikuwa kusimamisha magogo ya kuzuia mwamba usiporomoke juu ya wachimbaji. Kanisa alilijenga vivyo hivyo. Lilikuwa refu, jembamba na la chini, nguzo nene zimepangwa pande zote mbili kila hatua mbili, na mihimili juu yake imekazwa kwa kabari. Hakuna kanisa duniani lililojengwa kwa wasiwasi mkubwa kama ule kuhusu kitakachotoka juu.

"Hili haliangukii mtu," akaniambia, akipiga nguzo kwa kiganja. "Kila gogo limeletwa na aliyetoka zamu. Hakuna aliyelazimishwa, mwanangu. Mtu anatoka chini amechoka, anabeba gogo."

Ijumaa nzima watu walishona kanzu nyeupe za ubatizo, zao na zetu, kwa mifuko ya unga iliyofuliwa ikachakaa. Mama Kulwa alinipima mabega akanicheka kwamba chuo hakina ugali. Walikwisha chagua sehemu ya mto, wakafyeka majani, wakaweka mtu wa kufukuza ng'ombe wasiyatibue maji.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilimkuta Dani nyuma ya kanisa, na barua mkononi. Alikuwa akilia. Alinipa niisome mwenyewe. Ilikuwa fupi, na imeandikwa kwa adabu kubwa sana. Ilisema kwamba watu weusi wanapendwa na Mungu, lakini hakuna mtu mweusi awezaye kuwekewa mikono kuwa kiongozi katika kanisa hili. Na kwa kuwa hakuna Mzungu wa kukaa Geita kuwaongoza, wasibatizwe.

"Umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu kabla ya Shinyanga."

"Na sababu ni nini?"

"Wanasema ni jambo la tangu mbinguni, kabla hatujazaliwa. Sijui. Nimeomba Mungu anieleze wiki nzima, sijui."

"Na mimi je, Mzee?"

Alinitazama kama mtu ambaye hakuwahi kufikiria kwamba mdomo wake una rangi. "Na wewe," akasema.

Hasira niliyoipata pale ninayo mpaka leo. Nimejaribu kuitungia makala za heshima, zenye hoja na mifano. Haikubali kukaa ndani ya makala. Siku tano nilikuwa nimebeba maneno ya kanisa hilo kutoka kijiji hadi kijiji, na kanisa hilo halikuwa na nafasi yangu ila ya kubeba. Nilimwambia Dani kwamba yeye ni mwoga na wakubwa wake ni wanafiki. Nilisema vizuri mno, kwa Kiingereza safi. Aliniomba jambo moja tu: kesho nitafsiri neno kwa neno, maana watu hawa wanastahili kuambiwa ukweli.

Jumapili walikuja na kanzu zao wamezikunja kwapani. Dani alisimama, akasema yote kwa Kiingereza, bila kupunguza. Hakuna mtu mweusi awezaye kuwekewa mikono. Hamtabatizwa. Ninaona aibu kuwaambia. Akanigeukia.

Niliona nyuso sitini. Nilimwona Mama Kulwa ameshika kanzu ya mumewe. Ulimi ule uliokuwa mkali jana nyuma ya kanisa, mbele ya Mzungu mmoja anayelia, ukawa laini mbele ya watu wangu.

"Makao makuu wanawasalimu sana," nikasema. "Wanasema wakati wa ubatizo bado. Endeleeni kusubiri."

Kisha Baba Kulwa akaanza kupiga makofi polepole, na wengine wakafuata, na wanawake wakapiga kigelegele cha kututia moyo sisi wageni. Dani alipigwa na butwaa. Aliamini wamesikia kila neno, na wamesamehe. Alimkumbatia Baba Kulwa, akalia begani mwake, akaniambia hajawahi kuona imani kama ile duniani. Mimi nilimwacha aamini hivyo.

Jumatatu Baba Kulwa alitusindikiza hadi njia panda ya lori. Alimpa Dani baiskeli yake, iliyobeba mizigo yetu, atangulie nayo, akanishika mkono, akabadili lugha akasema Kisukuma.

"Wamekataa, sivyo?"

Niliinama nikafunga kamba za kiatu.

"Miaka kumi na miwili naomba unyapara mgodini. Kila mwaka naambiwa bado. Bado ya Mzungu naijua hata akiwa amegeukia ukuta. Nilipiga makofi ili watu wasikutazame usoni."

"Baba, sikutaka kuwaumiza."

"Kuumia tungeumia. Tumezoea, tena pamoja tungeumia vizuri zaidi. Yule mtoto wa watu alikuja kutoka huko kote kunitukana kweupe. Hilo ni jambo la kiume. Wewe, mwana wa Mhunze, ukatia sukari." Akaniachia mkono. "Rudi tu hadi kanisani ukawaambie. Mimi nikiwaambia watasema nimekosa cheo ndiyo maana natukana kanisa. Wewe ndiye uliyesikia."

Dereva alipiga honi. Nilisema lori halitasubiri. Baba Kulwa alilitazama lori, akanitazama mimi, akanishukuru, "Wabeja, mwanangu. Safari njema." Nilipanda. Dani akaniuliza mzee alikuwa anasema nini. Nikamwambia anatutakia safari njema. Na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nilikuwa nimetafsiri kwa usahihi.

Jumatano tulirudi Shinyanga. Miaka mingi baadaye dereva mmoja alinieleza kwamba Baba Kulwa aliwabatiza watu wake Jumapili iliyofuata, kwa mikono yake mwenyewe, bila kumwandikia mtu barua. Lakini siku ile stesheni mimi sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba Dani amekaa juu ya sanduku lake akiandika ripoti ya kupeleka Marekani. Alinisomea. Ilisema kwamba watu wa Geita waliambiwa waziwazi uamuzi wa kanisa juu ya watu weusi, na waliupokea kwa makofi na vigelegele, hivyo pasiwe na hofu tena kwamba uamuzi huo unawahuzunisha. Kanuni ilitaka mkalimani atie saini kuthibitisha.

Alinipa kalamu kwa tabasamu. Gari moshi lilikuwa bado halijaingia. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema sentensi moja.

Nilichojifunza katika safari ile ni kwamba mimi ni hodari wa kukasirika mahali ambapo hasira haina gharama. Waliotuona wadogo walihitaji shahidi msomi, wa kabila hilohilo, mwenye mwandiko mzuri. Karatasi ile bila shaka ipo mpaka leo katika kabati lao. Saini yangu iliyo chini yake inasomeka bila shida.