Ibra, Baada ya Wadi Kushuka

Safari hii ilianza na sauti. Nilikuwa nakamua ng'ombe nyumbani, nje kidogo ya Nyahururu, simu ikalia mfukoni, na nilipoifungua nikamsikia Zuwena: "Wairimu, wadi imeshuka. Nyumba imekwenda na maji, na Salum kachukuliwa njiani. Miye nipo." Kisha akaongeza: "Nataka kukuuliza jambo, lakini si kwa simu. Njoo nikitoka eda."

Niseme kwanza sisi ni nani. Baba yake Zuwena, Mwarabu wa Oman, alikuwa na duka mjini kwetu, na ua mmoja ulitenganisha nyumba yao na yetu. Nyumba zetu ndizo mbili tu mtaani zisizopika nguruwe. Wao ni Waislamu, sisi ni Wayahudi. Ndiyo, Wayahudi, wachache wa mlimani, na sinagogi letu ni la mabati. Nimezoea kuulizwa mara mbili. Zuwena aliondoka msichana, akaolewa Oman na Salum, mtu wa familia iliyotoka Unguja. Tangu hapo tumezeeka kwa barua na simu. Nina dada wa tumbo moja nisiowakumbuka kwa wiki nzima, lakini Zuwena nilimkumbuka kila nilipopita pale penye ule ua, hata baada ya ua kung'olewa.

Nikawaeleza watu wetu siku ya Sabato. Sasa, watu wetu wanajua janga moja tu, nalo ni baridi. Wakachanga mablanketi. Mazito, ya sufu, ya kunyanyuliwa na watu wawili. Nikawaambia Oman ni jua tupu. Mzee wetu wa sala akanijibu kwamba hata Yakobo katika Torati alilalamikia joto la mchana na baridi ya usiku, na kule kulikuwa ni jangwani pia. Na mtu akishataja Torati kwetu, ubishi umekwisha. Mzigo ukafungwa kamba, nami nikausukuma mpaka Nairobi nikiwalaani kimoyomoyo na kuwapenda.

Maskati. Nilitoka uwanja wa ndege nikapokewa na joto kama la mtu anayefungua tanuri usoni pako. Khalfan, mtoto wa Zuwena, alikuwa ananingoja na kanzu yake nyeupe na kofia. Nilimjua kwa macho ya mama yake.

"Shikamoo, khalti," akaniambia, akimaanisha mama mdogo. "Hii mzigo yote ya nani?"

"Marahaba mwanangu. Ni sadaka ya watu wetu kwa mama yako."

Alikuwa ameshika kamba, akaiachia. Akatazama pembeni, kisha akaunyanyua mzigo. Tulipokwisha kutoka mjini ndipo akasema taratibu: "Khalti, mbele ya mama usiseme hiyo kalima. Hiyo neno. Sadaka hapa unampa miskini."

Nikamwambia sitasema. Nilidhani ni jambo dogo.

Barabara ya Ibra hupita katikati ya milima isiyo na jani. Mie niliyezoea kijani nilitafuta pa kupumzisha macho nikakosa. Kila baada ya mwendo kidogo tulivuka wadi, yaani mto usio na maji, mchanga na mawe tu, na mbuzi wakitembea ndani yake. Nikashangaa jinsi kitu kikavu namna ile kinavyoweza kuua mtu. Khalfan akanionyesha mti mmoja wa mkwaju porini. Juu kabisa, juu kuliko paa la gari, palinasa mfuko wa plastiki na kipande cha jamvi.

"Maji ilifika pale," akasema. "Na Ibra siku ile jua lilikuwa linawaka. Mvua ilinyesha milimani tu. Baba hakuona kitu."

Akaongeza mwendo.

Ibra tulifika alasiri. Zuwena sasa amepanga ghorofani, mbali na mabustani ya mitende ilikokuwa nyumba yao. Alifungua mlango mwenyewe.

"Wairimu!"

Hakuna aliyebaki duniani anayeliita jina langu kwa sauti ile. Tulikumbatiana pale mlangoni mpaka Khalfan akakohoa, maana alikuwa bado kabeba mzigo.

"Umezeeka, weye!" akanambia akinishika mashavu.

"Na wewe je? Au huku hamna vioo?"

Tukacheka tukilia. Akanikalisha, akanimiminia kahawa kwenye kikombe kidogo, akanisogezea tende na halua. Hapo hapo mlango ukagongwa. Jirani alikuwa kaleta hotpoti la chakula. Nikamsikia Zuwena akishukuru, akiapa kwa Kiarabu kwamba tumeshakula na tumeshiba, na jirani akarudi nalo. Nilichungulia jikoni. Jiko lilikuwa baridi.

"Kila siku hivyo," Khalfan akaninong'oneza. "Hapokei kitu ya mtu. Eda imekwisha, lakini hata nje hajatoka. Mimi nakaa Nizwa kwa kazi, khalti. Nikiondoka namuacha hivi hivi. Naogopa."

Hapo nikaelewa kilichonileta. Wadi ilikuwa imemchukua Salum, na Zuwena alikuwa anajipeleka mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kukataa.

Basi na mimi nikaharibu. Aliporudi kuketi, akili ilikuwa kwenye lile jiko, na ulimi ukasema ulivyozoea: "Zuwena, watu wa sinagogi wamekuletea sadaka."

Akaweka kikombe chini.

"Sadaka? Miye?"

"Sina maana hiyo..."

"Mtoto wa dukani miye, Wairimu. Nyumba ya baba yangu ilikuwa haipiti Ijumaa bila ya kutoa. Leo umepanda ndege kuniletea sadaka?" Akamgeukia mwanawe. "Khalfan, toa mzigo huo uuweke ukumbini. Jumapili upeleke kwa masikini."

Mzigo ukatolewa. Tulikula samaki na wali karibu bila maneno, na nililala nikijiona mjinga aliyesafiri mbali kuja kuutonesha moyo wa rafiki yake.

Ijumaa ilipita kwa adabu, jambo ambalo kati ya marafiki ni baya kuliko ugomvi. Jua likatua, Sabato yangu ikaingia. Siku hiyo sisi hatupiki, hatusafiri, hatuwashi wala hatuzimi kitu. Zuwena aliyajua hayo tangu utotoni, alipokuwa akija kutuwashia moto Jumamosi asubuhi.

Jumamosi mchana akatia kiyoyozi mpaka mwisho. "Nataka iwe kama Nyahururu," akasema, bado hajanitazama vizuri. Na kweli ikawa Nyahururu, ya Julai. Khalfan alikuwa katoka. Zuwena akajilaza kochini akasinzia, na rimoti ipo mezani mbele yangu, nami siruhusiwi kuigusa wala kumwamsha aiguse kwa niaba yangu. Nikajikunja. Meno yakaanza kugongana.

Akafumbua macho. Akanitazama, akaitazama rimoti, akafahamu. Uso ukaanza kumcheza.

"Sabato?"

"Sabato."

"Na huwezi hata kuniambia nizime."

"Siwezi."

Akacheka kama alivyokuwa akicheka penye ua, na mkono tumboni. Nilidhani atazima. Badala yake akainuka, akaenda ukumbini, nikasikia kamba zikikatwa. Akarudi anaburura blanketi moja jekundu, akanitupia, kisha akaingia chini yake na yeye, bega kwa bega. Akaliweka puani.

"Linanuka moshi wa kwetu," akasema. Na kilio kikamjia, kile kizito ambacho nadhani hakukipata siku zote za eda.

Ilikuwa humo ndani ya blanketi aliponiuliza alichoniitia.

"Kila Alhamisi Salum alikuwa akimpelekea chakula Bi Moza, huko mji wa Al Kamil. Mtu wa Vuga, Unguja, kama yeye, mjane, hana mtoto. Siku ile alitoka na sufuria ya pilau niliyopika mwenyewe. Wadi ikamkuta njiani, gari wakalikuta chini huko. Tumefundishwa tangu watoto kwamba sadaka inakinga balaa. Wairimu, mtu alikuwa na sadaka mkononi. Ilimkinga na nini?" Akafuta uso kwa blanketi. "Hapa nikiuliza naambiwa sema astaghfirullah. Nimesema, wallahi nimesema. Weye Myahudi. Kwenu wanasemaje?"

 Nilimwambia ukweli, kwamba na sisi tumefundishwa hivyo hivyo, kwamba katika siku zetu za toba tunasimama tukisema kuwa toba na sala na sadaka hupunguza makali ya hukumu, na kwamba mimi mwenyewe nimemzika mume aliyekuwa na mkono mwepesi wa kutoa.

"Sasa?"

"Sasa sijui, Zuwena. Nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya."

 Nikaona nimwambie lile moja ninalolijua, maana lilikuwa limenichoma tangu Alhamisi. Neno lenu na letu ni moja, nikamwambia. Sisi kwa Kiebrania twasema tsedaka. Lakini letu limezaliwa na haki. Mwenye nacho kwetu hasifiwi kwa kumpa asiye nacho, kwa sababu kile alichompa kilikuwa cha yule tangu mwanzo, kilikuwa kimewekwa kwake tu kwa muda. Kwa hiyo niliposema nimekuletea sadaka, nilikuwa nasema nimekuletea kilicho chako.

Alikunja pindo la blanketi, akalikunjua. Kiyoyozi kinavuma.

"Basi Salum hakuwa ananunua kinga," akasema.

"Sidhani."

"Alikuwa na mali ya mtu, anampelekea mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na mtu aweza kufa njiani na mali ya watu."

"Aweza."

Akalivuta blanketi mpaka kidevuni. "Basi ile pilau haijafika," akasema. "Mpaka leo haijafika."

Jumapili asubuhi niliamshwa na harufu ya bizari nzima na vitunguu vinavyokaangwa. Khalfan alisimama mlangoni mwa jiko asiamini, kisha akapiga simu kazini Nizwa kuomba ruhusa. Zuwena alipika sufuria kubwa kama ya harusi. Alipovaa buibui na kushuka ngazi, alishika ukuta kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine.

Njia ya Sur, ipitayo Al Kamil, ni pana na imenyooka, mchanga unapepea juu ya lami. Kwenye wadi ile iliyomchukua baba yake Khalfan akapunguza mwendo. Zuwena akafungua kioo, akasoma Fatiha, nami nikasema maneno yetu ya msiba, ya kumkiri Hakimu wa kweli, maneno ambayo sijawahi kuyasema kwa moyo mweupe na siku ile pia sikuweza. Mchanga ulikuwa mkavu. Tukavuka.

Al Kamil. Nyumba ya Bi Moza iko nyuma ya maduka ya barabarani, chumba na ua, na kuku. Alikuwa kikongwe mfupi, mkali, mzima wa masikio lakini macho yameanza kufifia.

"Shikamoo, Bi Moza," tukasema pamoja.

"Marahaba. Nani?"

"Zuwena. Wa Salum."

Yule bibi akakaa chini pale pale kwenye kizingiti.

"Nlidhani hutaki kuniona," akasema. "Na haki yako. Lau si tumbo langu, mwanamume yule angalikuwepo."

Sikumtazama Zuwena. Nilijua kwamba kwa miezi yote ile alikuwa akiwaza neno hilo hilo, na kwamba angeweza sasa kulinyamazia tu likabaki limesemwa. Khalfan alikuwa amesimama na sufuria.

"Usiseme hivyo, Bi Moza," Zuwena akasema hatimaye. "Nimechelewa tu. Hii pilau yako."

Akaichukua sufuria kwa mwanawe akaipeleka ndani mwenyewe. Niliwasikia wakilia huko jikoni, kisha wakibishana kuhusu chumvi.

Tulipoaga, Bi Moza akatuzuia. Akaingia, akakawia, akatoka na kitu kwenye kitambaa. Mayai matatu ya kuchemsha, bado ya moto.

"Ya njiani. Sina jengine."

Nikaona mkono wa Zuwena ukianza kuinuka, ule mkono wa kusema ahsante, tumeshashiba. Ukasita hewani. Kisha akaukutanisha na wa pili, akapokea kwa mikono yote miwili.

"Ahsante, Bi Moza. Alhamisi inshallah."

Sheria yetu inasema hata anayeishi kwa sadaka sharti naye atoe, asinyimwe heshima hiyo. Nilikuwa nimeisoma nikaiona kali. Garini Zuwena alimpa mwanawe yai, akanipa na mimi, akabaki na lake kiganjani. Kwetu mfiwa anaporudi kutoka kuzika, chakula chake cha kwanza huwa yai, na haruhusiwi kula la kwake. Lazima litoke mkononi mwa mtu mwingine. Sikumwambia. Alilimenya taratibu, tukivuka wadi, akalila lote.

Jumatatu walinisindikiza mpaka Maskati. Tuliagana vibaya, kwa haraka, kama watu wanaoogopa. Sasa nipo nyumbani, mawingu yamekaa juu ya sinagogi, na watu wananiuliza nilimjibu nini Zuwena juu ya Mungu. Nawaambia sikumjibu. Nilichojifunza ni kwamba kuna swali mtu hawezi kuliuliza mbele ya watu wa dini yake, na ni heri kubwa kuwa na rafiki wa dini nyingine wa kumwita. Lipo langu pia, juu ya mume wangu. Lilikuwa mdomoni siku zote zile na sikulitoa. Jana nimempigia Zuwena, nikamwambia nina jambo la kumuuliza, lakini si kwa simu.