Espreso Isiyo na Kelele

Watu wengine wanachagua masini ya kahawa kwa bei, wengine kwa ladha. Miye niliichagua kwa masikio. Nyumba yetu hapa Bunia ilikuwa na mama yangu ndani, na mama yangu hakuweza kuvumilia kishindo chochote.

Alikimbia watu wenye silaha upande wa Nizi akiwa na nguo ya mwilini tu, akafika kwetu kwa miguu, bila baba. Tangu hapo, mulango ukijipiga kwa upepo, anasimama. Tairi ya pikipiki ikipasuka barabarani, anachukua kitenge, anafunga mutoto wangu mugongoni, na kama hujamushika mukono, tayari yuko njiani. Mara ya kwanza tulimukuta kwenye kona ya avenue. Mara ya pili tulimukuta mbali, ameshika barabara ya Komanda, mutoto analala mugongoni bila habari. Hata mwaka alikuwa hajafikisha. Mume wangu akaniambia, akiwa anafunga viatu vyake vya kazi, "Mama ya mutoto, siku moja hatutawaona tena hawa wawili." Nilimukasirikia siku nzima, kwa sababu miye pia ndilo nililokuwa nawaza, na nilikuwa sijapata ujasiri wa kulitoa mudomoni.

Sasa, espreso nayo ilitoka wapi? Ituri yetu inalima kahawa, halafu siye wenyewe tunakunywa chai, ajabu gani hii! Niliionja Kampala, nilipoenda kununua vitenge vya kuuza. Kikombe kidogo kama cha kuchezea mutoto, kahawa nzito, chungu, na juu yake povu la rangi ya udongo. Nilikunywa mafunda mawili, ikaisha, nikabaki nimekaa pale nikiangalia kikombe. Nilirudi Bunia na hamu ambayo mume wangu aliiita ugonjwa.

Kuna mufanyabiashara sokoni anayepitisha vitu vyake mupakani, Aru. Alinionyesha kwanza masini ya kuran, ya umeme. Akaiwasha. Yo! Ilinguruma, meza ikatetemeka, vikombe vikagongana. Nikamwambia zima, zima haraka.

"Mama, hii ni masini ya kahawa, haiko bunduki," akasema, anacheka.

"Weye hauna mama nyumbani?" nikamujibu, na cheko likamuishia.

Akatoa kafetiere ndogo ya aluminiumu, ile ya kuweka juu ya babula, jiko la makaa. Nikauliza mulio wake. Akasema inakoroma kidogo mwishoni, na inapuliza mvuke. Nikauliza tundu lile dogo la pembeni ni la nini. Akasema presio ikizidi, mvuke unatokea pale. Na tundu likiziba? Akasema hapo inaweza kupasuka. Basi, nikaiweka chini kwa adabu, kama mutu anayeweka yai.

Ya tatu ilikuwa ya mukono. Ina mikono miwili ya chuma, unamimina maji ya moto juu, unaikandamiza, kahawa inatoka chini. Haitaki kuran, na kuran yetu munaijua, inakuja ikipenda. "Hii inalia namna gani?" "Hailii, mama." Nikaichukua pamoja na kinu kidogo cha kuzungusha, sikuuliza neno lingine.

Mwanzo ulikuwa wa aibu. Nilisaga kahawa ikiwa na chengachenga, maji yakapita mbio, nikapata kitu cha kuchachuka kama limau. Nikasaga laini mno, nikakandamiza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, hata tone. Mume wangu akachungulia jikoni. "Unazaa tena?" Nilimurushia kitambaa. Polepole nikajifunza. Chuma kipashwe moto kwanza kwa maji, la sivyo kinanyonya joto lote. Unga ulale sawa, ushindiliwe bila kuinamia upande mumoja. Ukikandamiza, usiwe na pupa: subiri matone ya kwanza, ndipo uongeze nguvu. Kahawa niliikaanga mwenyewe ndani ya kasirole kubwa ya kupikia, Jumapili, mama akiwa kanisani, kwa sababu ikiiva inapasukapasuka. Kinu nilikifunga kwa kitenge, nikakibana katikati ya magoti. Vijiko niliviweka juu ya kitambaa. Nilitembea jikoni mwangu kama mwizi, na kila kitu nilichogusa nilikigusa kwa hofu.

Mama alianza kukaa nje kwenye mukeka na mutoto, ananiangalia kupitia mulango wazi. Siku moja akaomba kuonja. Nikamutilia maziwa mengi. Akasema, "Kumbe iko muzuri," akaramba mudomo, na miye nikaenda nyuma ya nyumba kulia kidogo.

Lakini lazima niseme jambo moja kuhusu avenue yetu. Wezi wakiingia, au watu wenye silaha wakionekana, anayewaona wa kwanza anapiga kasirole. Anayesikia naye anapiga yake, na mwingine, mpaka kartie nzima, kila nyumba, inajua. Tulikubaliana hivyo siye wenyewe. Hakuna anayeuliza kwanza. Unapiga, halafu ndiyo unauliza.

Alasiri ile espreso ilikuwa imetoka maji matupu, na nilikuwa na hasira. Machicha ya kahawa yalikuwa yameganda ndani ya kile kikombe cha chuma kinachoshika unga. Siku zote niliyakwangua kwa kijiko, taratibu. Siku ile kijiko kiliteleza, kikanichoma kidole, nikatukana, nikashika chuma kile nikakigonga kwenye ukingo wa kasirole kubwa. Ko! Ko! Ko! Machicha yakaanguka yote, safi. Nikafurahi kabisa.

Halafu ng'ambo ya ukuta nikasikia kasirole ya jirani. Halafu ya nyumba inayofuata. Halafu zote.

Nilitoka mbio nikipiga kelele, "Ni miye! Ni kahawa! Haiko kitu!" Nani atasikia? Nikageuka. Mukeka ulikuwa pale. Viatu vya mama vilikuwa pale. Mama hayuko, mutoto hayuko.

Ee Mungu wangu. Barabarani watu walikuwa wanakimbia na watoto, maduka yanafungwa. Nikamukamata jirani yangu, bado ana kasirole mukononi.

"Wameingia wapi?" akaniuliza yeye.

"Hakuna mutu ameingia! Ni miye nilipiga. Mama yangu umemuona?"

"Alipita na mutoto, ku mutoni kule. Kimbia na weye, unangoja nini?"

Mutoni. Mvua ilikuwa imenyesha siku zile zote, na maji yalikuwa juu. Nilikimbia bila viatu. Niliogopa, jamani. Mikono yangu bado ilinukia kahawa. Nilifika ukingoni nikaita, "Mama! Mama!" Nikaita jina la mutoto. Kimya. Ndipo nikakumbuka kwamba mutu anayejificha haitiki, hata akiitwa na mutoto wake.

Nikaingia ndani ya matete, nikayapasua kwa mikono. Nikaona rangi ya kitenge chake. Alikuwa amechutama kwenye tope, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, mutoto yuko kifuani. Kiganja chake kilikuwa kimefunika kinywa cha mutoto, na pua pia. Miguu ya mutoto ilikuwa inaning'inia tu.

Nilishika mukono ule. Haukutoka. Sikujua mama yangu ana nguvu vile. Niliubandua kidole kwa kidole, nikiwa nasema sijui nini, na kiganja kilipoachia, mutoto hakulia. Nilimutikisa. Nilimupulizia usoni. Nilimutikisa tena. Akavuta pumzi, kwa shida, kama kitambaa kinachopasuka, akalia kwa sauti yote aliyopewa na Mungu.

"Mufunge kinywa!" mama akaninong'oneza, macho yake yako kwenye barabara. "Watatusikia!"

"Mama, haiko kitu. Ni miye. Nilikuwa natengeneza kahawa. Nilipiga kasirole, basi."

Akaniangalia. Alinitambua vizuri, sikuona wazimu wowote ndani ya macho yale.

"Siku ile pia," akasema, "baba yako alisema haiko kitu."

Huko juu kasirole zilikuwa bado zinalia. Akanishika mukono, akanivuta chini. Nikachutama kando yake ndani ya tope, nikamupa mutoto ziwa ili anyamaze.