Jina Lililomponyoka Mutheu

Saa tatu asubuhi, Mutheu Kilonzo anapuliza firimbi kwenye uwanja wa zahanati karibu na soko la Mitaboni, Machakos. Kina mama walio nyuma yake wanaanza kutikisa mabega. Wimbo unapofika kwenye jina la nchi ya mgeni, anainua mkono.

"Hapo tuache kwanza," anawaambia. "Hatujaambiwa ni akina nani wanakuja."

Mutheu, 54, ni mkulima wa mahindi na mbaazi. Wageni wanapotarajiwa, chifu humwita aongoze nyimbo. Shukrani yake huwa soda na leso.

Na wageni hawaishi. Mataifa mawili makubwa yanayoshindania urafiki wa Kenya yamefika hadi hapa. Moja lilichimba kisima. Lingine likaahidi wodi ya kujifungulia.

Siku ya kuweka jiwe la msingi la wodi, mwaka jana, Mutheu alikuja moja kwa moja kutoka kupalilia. Wimbo ulikuwa uleule waliowaimbia wenye kisima; jina tu ndilo lililobadilishwa.

"Mdomo uliteleza," anasema. "Nikataja wale wa kisima, na wenzangu wakaitikia. Kuangalia uso wa afisa mmoja wa ubalozi, nikajua nimeharibu."

Balozi wa nchi iliyoahidi wodi alitabasamu, akaweka jiwe, akaondoka. Hadi leo hakuna fundi aliyefika.

Chifu Kitheka anasema aliambiwa tu kwamba bajeti ilibadilika. Sokoni, hata hivyo, lawama ilimwangukia Mutheu.

"Mwenzangu mmoja aliniambia, 'Mama Ndila, wewe ndiye uliimba wodi ikaenda.' Nilichukua sukuma wiki yangu nikarudi nyumbani."

Maneno hayo yalimchoma zaidi kwa sababu ya bintiye, Ndila, ambaye sasa ana mimba ya miezi saba. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kando ya barabara, wakikimbilia hospitali ya Kathiani. Mutheu ndiye aliyempokea, kwa leso yake.

Chifu alipomwita tena wiki hii, alitamani kukataa.

"Nimechoka. Magoti yenyewe niko nayo mabaya. Lakini nikikataa na wodi ikose, watasema tena ni mimi."

Amemwomba chifu waimbe kuhusu kina mama wa Mitaboni, bila kutaja nchi yoyote. Chifu bado hajamjibu.

Mutheu ana ombi jingine, ambalo hajamwambia mtu.

"Hiyo wodi ikifunguliwa, wasiniite kuimba," anasema, akikaa chini kuvua viatu. "Nataka kukaa kwa benchi kama mama wa mgonjwa, ningoje nesi atoke aniambie ni msichana ama ni kijana."