Swali la Kumi na Nne

Dada yangu ni mwalimu wa darasa la tatu, ana miaka arobaini na sita, na huu mwaka wa nne anahangaika na shahada ya uzamili ya maendeleo ya uchumi wa mitaa na ujasiriamali. Ilikuwa ya miaka miwili! Msimamizi wake nyumbani tunamwita Bwana Rudia, maana hajui neno jingine. Sura ya kwanza, rudia. Sura ya pili, rudia. Sasa chuo kimemwandikia barua: asipowasilisha kazi yake kabla ya mwezi kwisha, anafutwa.

Utafiti wenyewe ulituhusu sisi, mafundi cherehani wa sokoni. Aliniletea madodoso sitini niyagawe, kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti wa mafundi. "Mdogo wangu," akasema, "wasiandike majina. Waandike ukweli tu."

Ukweli! Kwetu mtu akija na karatasi yenye maswali, majibu tunayo mdomoni. Umeanza lini? Mwaka huu. Mko wangapi? Peke yangu. Nani alikusaidia? Hakuna. Mara ya mwisho tuliposema kweli, walikuja watu na tepu wakapima vibanda, na safu nzima ya nyuma ikavunjwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi wenzangu waliponiuliza tujaze vipi, nikajibu huku nakata kitambaa, "Kama kawaida." Na mimi nikajaza hivyohivyo. Kichwa changu hiki!

Jumatatu dada alikuja kibandani, akakaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani.

"Bwana Rudia ananiambia nimepika data," akasema. "Eti mafundi sitini, wote wameanza mwaka huu, wote wako peke yao? Anasema nimejaza mwenyewe nyumbani."

Nikamweleza. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema tu kwamba amepewa mpaka Ijumaa, mwezi unapokwisha, kisha akatoa madodoso mapya mkobani.

Nilizunguka kibanda hadi kibanda nikibembeleza. Mama Vifungo, aliyeshona sare za shule tangu sijazaliwa, alinicheka waziwazi. "Shoga, juzi kama kawaida, leo ukweli. Wakija na tepu, utakwenda kupimwa wewe?" Nilimjibu vibaya, akanirudishia karatasi yangu. Mwingine alisema atajaza kesho, na kesho yake akafunga kibanda. Nilikuwa na hasira na wao, na Bwana Rudia, na chuo, na zaidi na mimi mwenyewe. Mpaka Alhamisi jioni nilikuwa nimepata kumi na moja. La kumi na mbili nilijaza langu, mbiombio, wateja wamenisimamia: miaka kumi na tisa, mafundi watatu chini yangu. Usiku huo nikampelekea dada yote.

Ijumaa dada alirudi saa nane mchana. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Kumi na mbili hayatoshi," akasema. "Nimefutwa."

"Pole, dada. Jamani, pole. Kosa ni langu."

Akafungua mkoba, akatoa dodoso moja, akaliweka juu ya cherehani. Halina jina, lakini mwandiko ule alinifundisha yeye, mezani kwa mama, mkono wake juu ya wangu.

"Hili ni la kwanza au la pili?"

"La pili. La ukweli."

"Haya. Nisomee swali la kumi na nne."

Nikasoma. Nani alikusaidia kuanza kazi hii? Chini yake, kwa mwandiko wangu: Hakuna.

Cherehani ilipolala ile karatasi aliinunua yeye kwa mshahara wake wa kwanza wa ualimu, akaibeba kichwani kutoka stendi, mvua inamnyeshea. Nilitaka kumwambia mkono ulijiandikia wenyewe, mazoea tu. Nikatafuta kalamu.

"Acha," akasema. "Hakuna wa kulisoma tena."