Ngozi Niliyoitoa Majini Mapema

Juzi asubuhi nilipigiwa simu kutoka upande wa Mwazye: fundi ngoma amefariki, na tayari wameshamzika. Nikauliza ni nani aliyepiga ngoma. "Ngoma gani tena, mzee? Tulifungulia spika." Mtu aliyewamba ngoma za vigango vyote vya jirani amekwenda bila hata moja.

Nikiwa sekondari hapa Sumbawanga, mwalimu alituandikia ubaoni kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kulainisha kitu kwa kukiloweka. Nilikikariri, nikapata vema, nikadhani nimekijua. Miaka mingi baadaye, nikiwa katibu wa kigango cha kanisa huko upande wa Mwazye, nilimwagiza fundi atuwambie ngoma mpya kwa ajili ya sikukuu ya somo wetu, mtakatifu msimamizi wa kigango. Akaizamisha ngozi kavu ya ng'ombe kwenye pipa. Siku ya pili nilikwenda kumsumbua.

"Katibu, gusa katikati. Kingo zimelegea, katikati bado pagumu. Ukiiwamba hivi itapasuka."

"Fundi, Jumapili haiingoji ngozi yako."

"Basi Jumapili na ije na ngozi yake!"

Tukacheka. Kesho yake aliitwa msibani Chala. Alipoondoka tu, nikaitoa ile ngozi, nikaiwamba mwenyewe. Jumapili, katikati ya wimbo wa kuingia, ikapasuka kwa mlio ulionyamazisha kanisa zima. Watu wakanong'ona kwamba fundi kazi imemshinda. Nilikuwa nimesimama palepale mbele, na sikusema kitu. Aliporudi aliipapasa ile ngozi, akajua. "Katibu, ungesema una haraka, ningekuazima ngoma yangu." Hakunishtaki kwa mtu. Lakini hakuna kigango kilichompelekea tena kazi, na pipa lake likaishia kunyweshea mbuzi. Nilijiambia nitasema ukweli maneno yakipoa. Kisha nikahamia huku mjini, nikawa nangoja moyo wangu ulainike.

Siku ile penye pipa alinieleza na jambo la pili ambalo sikulitilia maanani: ngozi ikizidishiwa siku majini huoza, ukiivuta inakatikia mkononi. Nimefanya makosa yote mawili. Ngozi niliitoa mapema. Ukweli nikauacha humo mpaka ukaoza. Hata haya ninayoandika leo hayamrudishii jina lake. Msomaji, kama kuna mtu ambaye unangoja moyo wako ulainike ndipo umwombe radhi, mwendee hivyo hivyo, ungali mgumu. Wangu umelainika juzi, baada ya simu.