Siku niliyojitetea mwenyewe mahakamani

Nilishtakiwa kwa kuiba pampu ya maji ya jirani yangu hapa Lukozi. Ukweli ni kwamba niliichukua bila kumwomba, nimwagilie kabichi zilizokuwa zinanyauka, kisha niirudishe. Polisi walipokuja niliogopa, nikasema siku hiyo nilikuwa Mazinde.

Dada yangu Ester alinisihi nitafute wakili. "Atakuambia useme nini na unyamaze wapi," alisema.

"Nani anaijua kesi yangu kunishinda mimi?" nikamjibu.

Siku ya kesi, pale Lushoto, sikutulia hata kidogo. Shahidi, mama mmoja mzee wa kijijini kwetu, alieleza kwamba aliniona njiani nimebeba pampu begani. Hakimu akauliza kama nina swali. Nikasimama upesi.

"Mama, una hakika uliniona?"

"Nilikuona, mwanangu."

"Basi mbona nilipokuamkia shikamoo hukuitikia?"

Nikageuka kumtazama Ester, nikidhani nimembana shahidi. Ester alikuwa ameinamisha kichwa. Hakimu akaacha kuandika.

"Ulimwamkia wapi," akaniuliza taratibu, "na wewe ulikuwa Mazinde?"