Rangi ya Kumpokea Mkaguzi

Wapangaji wenzake walimwita Mama Brashi, na jina lilimkaa. Miaka ishirini alipaka rangi nyumba za watu, kisha jioni akarudi, nywele zina madoa meupe, kwenye chumba ambacho ukuta wake wa nyuma ulivuja unyevu mwaka mzima. Mumewe alikuwa na pumu. Kitanda walikisogeza mpaka mlangoni, na bado alikohoa hadi mbavu zikamuuma.

Chama cha wapangaji kilipoanza kudai sheria mpya, mabango yote aliyaandika yeye. Miaka mitatu waliandamana juani, wakaitwa wavivu na wapenda vya bure, wakajikaza. Sheria ikapita: mwenye nyumba asipandishe kodi kabla mkaguzi hajaja, na ukionekana ubovu, matengenezo kwanza. Chama kikachagua chumba cha Mama Brashi kikaguliwe kwa niaba ya jengo zima, maana hakukuwa na ukuta mbovu kuliko ule.

"Usiguse kitu, dada," katibu wa chama, kinyozi wa ghorofa ya chini, alimwambia. "Auone hivyo hivyo."

Mama Brashi aliitikia. Lakini mkaguzi ni mgeni, tena mgeni wa serikali, na siku chache kabla alianza kumwona akilini, amesimama pale na viatu vyake safi, amekunja pua. Fundi rangi gani huyu anayeishi kwenye ukungu? Akaukwangua ukuta, akaupaka rangi ya mafuta mara mbili.

"Mke wangu, umefanya nini?" mumewe aliuliza.

"Nimeondoa harufu tu. Mengine nitamweleza mwenyewe."

Alimweleza kweli. Mkaguzi alisikiliza kwa adabu, akapitisha kiganja ukutani, akakitazama. Kikavu.

"Mama, mimi naandika ninachokiona," alisema, akaandika kwamba chumba kiko katika hali nzuri. Chai aliikataa.

Wiki ile ile barua za kodi mpya zilipenyezwa chini ya kila mlango. Ukaguzi mwingine ni baada ya miaka miwili, ndivyo inavyosema sheria waliyoipigania wenyewe. Kinyozi hakumtukana. Walipokutana kwenye ngazi aliangalia saa yake, akapita, na hilo lilimuuma Mama Brashi kuliko tusi lolote. Mvua ya kwanza ikanyesha, rangi ikatoka malengelenge, doa likarudi pale pale. Mumewe akaanza tena kulala ameketi ili apate pumzi.

Ndipo mwenye nyumba alipopanda ngazi mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya hata siku bomba lilipopasuka. Ana jengo jingine mtaa wa pili, na mkaguzi anakwenda huko Jumatatu.

"Nimeipenda kazi yako, mama," alisema. Ndani mtu alikuwa anakohoa. "Kule nina kuta kumi na moja. Utanifanyia?"

Mama Brashi aligeuka akatazama ndani mpaka kikohozi kikatulia. Kodi mpya ilikuwa inaanza mwezi ule.

"Leta rangi ya mafuta," alisema. "Ya maji haifichi kitu."